Dinari ya Offa na mtu aliyeuzwa London

Mara ya kwanza nilipoiona dinari ya Offa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, niliisoma kabla sijajua ni kitu gani. Mtu aliyepelekwa chuoni utotoni, akaandikiwa alifu na bee kwenye ubao, hawezi kuyazuia macho yake yasisome herufi za Kiarabu popote anapokutana nazo, na sarafu ile ya dhahabu, ambayo kwa upana haizidi kifungo cha koti, ilikuwa imejaa herufi hizo pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa na shahada: hapana mola ila Allah, peke yake, hana mshirika. Upande wa pili ulikuwa na maneno Muhammad Rasul Allah, kila neno na mstari wake, na baina ya mistari hiyo mlikuwa na alama ambazo mwanzoni nilizidhani mikwaruzo, mpaka nilipoinamisha kichwa na kuzitazama vizuri, nikaona kuwa ni herufi za Kilatini zilizopinduliwa: OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Jina la mfalme husimama wima pale tu Kiarabu kinapokuwa kichwa chini.

Offa alitawala Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza, kuanzia mwaka 757 hadi 796. Fundi aliyekata muhuri wa sarafu hiyo alikuwa na dinari halisi mbele yake, iliyopigwa enzi ya Khalifa al-Mansur mwaka 157 wa Hijria, sawa na 773 au 774 Miladia, akainakili mstari kwa mstari pasipo kujua ilichokuwa ikisema. Mwaka wenyewe umebaki pale ukingoni, pamoja na makosa ya mkono uliokuwa ukifuata michoro badala ya maandishi. Waingereza wa zama hizo waliziita sarafu za dhahabu za namna hiyo mancus, na neno hilo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lina asili ya Kiarabu manqush, kitu kilichochongwa au kutiwa michoro. Sisi tunalo neno la shina hilohilo, nalo ni nakshi, ambalo tunalitumia kwa milango ya Lamu na Unguja. Mfalme Mkristo wa kisiwa cha mvua, aliyeahidi kumpelekea Papa mancus 365 kila mwaka, moja kwa kila siku, kwa ajili ya maskini na taa za kanisa la Mtakatifu Petro, aliiita dhahabu yake kwa neno ambalo fundi seremala wa pwani yetu angelitambua.

Nimekuwa nikiirudia sarafu hiyo akilini kwa miaka mingi, na sababu ya kwanza ni kwamba inaniwezesha kulipinga jina la Zama za Giza, ambalo wengi tulifundishwa shuleni kuwa ndilo jina halali la karne zile za Ulaya baada ya Roma kuanguka. Hapana giza mahali ambapo dinari ya Baghdad inafika, inapimwa, inaaminiwa, na kuigwa. Miongo ileile ambayo Offa alikuwa akipiga sarafu, watu wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuwa wakiswali katika msikiti mdogo wa miti, na pwani yao ikifanya biashara na nchi zilezile za khalifa. Lakini sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nikiyasoma maandishi machache yaliyosalia ya falme zile, sheria zao, hati zao na historia ya mtawa Bede, naona kwamba bidhaa kuu iliyouzwa na wafalme haikuwa sufu wala chumvi wala dhahabu. Mfalme aliuza usalama. Aliyeweza kuununua alifanya biashara, na aliyeukosa aliweza kuuzwa yeye mwenyewe, katika soko lilelile, mbele ya mashahidi walewale.

Baba yangu alikuwa karani wa forodha katika bandari ya Tanga, na huenda ndiyo maana macho yangu hutafuta ushuru kwanza kabla ya kutafuta mapanga na mataji. Kabla ya ushuru, hata hivyo, ni lazima nieleze mfalme wa aina ile alikula nini, kwa sababu wengi hudhani kwamba ufalme huanza na hazina iliyojaa sarafu.

Katika sheria za Ine, mfalme wa Wessex, zilizotungwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 7, kuna orodha ya chakula ambacho kilipaswa kutolewa na ardhi ya hidi 10, hidi moja ikihesabiwa kuwa ardhi ya kutosha jamaa moja. Nainakili nzima, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoisoma mara ya kwanza niliona karamu ikipangwa mezani: mapipa 10 ya asali, mikate 300, vipimo 12 vya pombe ya Wales na 30 vya pombe nyepesi, ng'ombe 2 wakubwa au kondoo 10 waliohasiwa, mabata bukini 10, kuku 20, jibini 10, kipimo kizima cha siagi, samaki 5 wa samoni, ratili 20 za malisho ya wanyama, na mikunga 100. Mfalme hakungoja vitu hivyo vimfuate katika jiji moja. Yeye na watu wake walihama kutoka shamba hadi shamba, wakala kilichoandaliwa, kisha wakaondoka. Mkulima aliyevua mikunga ile 100 alikuwa amelipa kodi yake bila kugusa sarafu hata moja, na inawezekana aliishi na kufa hivyo.

Ndani ya uchumi huo wa asali na mikunga, thamani ilikuwa na jina lake tayari, na jina hilo tunalo mfukoni. Sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, kusini mashariki ya Uingereza, za kama mwaka 600, ndizo sheria za kale zaidi zilizosalia katika lugha ya Kiingereza, na karibu kila ibara yake inamalizikia kwenye hesabu ya scilling. Aliyemkata mwenzake kidole gumba alipe shilingi 20. Aliyemng'oa ukucha wa kidole hicho alipe 3. Meno ya mbele, kila moja shilingi 6. Wakati huo Waingereza walikuwa hawajaanza kupiga shilingi zao kama sarafu. Shilingi ilikuwa kipimo cha dhahabu kilichokaa kichwani mwa watu, na deni liliweza kulipwa kwa mifugo au kwa kitu kingine chenye thamani sawa. Neno hilo lilifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoondoa rupia na kuleta shilingi ya Afrika Mashariki, na leo hakuna anayeliona la kigeni, si Kariakoo, si Gikomba, si Kampala. Ninapoambiwa bei sokoni, mara nyingine hunijia kile kidole gumba cha Kent.

Fedha yenyewe, kwa maana ya madini meupe, ilichukua nafasi ya dhahabu katika robo ya mwisho ya karne ya 7. (Ni raha ya pekee kuieleza habari hii kwa Kiswahili, maana kwetu fedha ni madini na ni pesa kwa neno moja.) Vilianza kupigwa vijisarafu vidogo vinene vya fedha, vingine upande huu wa bahari na vingine upande wa pili kwa Wafrisia, mabaharia wa mwambao ambao leo ni wa Uholanzi, na mpaka leo bado huokotwa mashambani mashariki ya Uingereza. Baadaye, enzi ya Offa, zikaja sarafu pana na nyembamba zenye jina la mfalme na jina la mfua sarafu, 240 kwa ratili moja ya fedha. Mfua sarafu aliyeitwa Eoba, wa Canterbury, alipiga pia sarafu zenye jina la Cynethryth, mke wa Offa, na huyo ndiye malkia pekee wa Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa zama hizo, aliyepigiwa sarafu kwa jina lake mwenyewe. Uso wake upo pale, na nywele zake zimefanyiwa kazi kwa uangalifu mkubwa kuliko ambavyo ningetarajia katika kitu kidogo kama kile.

Fedha ilihitaji mahali pa kukutana na bidhaa, na mahali hapo Waingereza wa zamani walipaita wic. Hamwic, ambayo ilikuwa pale Southampton ilipo sasa, ilienea kwenye hekta 45 hivi, na ilikuwa na barabara zilizomwagwa kokoto, mafundi wa mifupa na pembe, na vipande vya vioo vilivyovuka bahari kutoka bara. Gipeswic, yaani Ipswich, ilifinyanga vyungu vilivyosambaa mashariki yote ya nchi. Ng'ambo kulikuwa na Quentovic kwa Wafaranki, watawala wa nchi ambayo leo ni Ufaransa na majirani zake, na Dorestad penye matawi ya mto Rhine, ambako ndiko yalikopitia mawe ya kusagia nafaka kutoka milima ya volkano ya Eifel. Hayo mawe nayapenda kuliko vito vyote vya makaburini, kwa kuwa jiwe la kusagia ni mzigo mzito usio na fahari, na mtu hausafirishi baharini ila ana hakika kuna mwanamke upande wa pili ambaye amechoka na jiwe baya la kwao na yuko tayari kulipia lililo zuri.

London ilikuwa na wic yake, Lundenwic. Bede, akiandika mwaka 731, anaueleza mji huo kuwa soko la mataifa mengi yanayofika kwa nchi kavu na kwa bahari. Kwa muda mrefu wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wakilitafuta soko hilo ndani ya kuta za Warumi, na walikuwa wakiambulia karibu na bure, hata ikaonekana kwamba pengine mtawa alitia chumvi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ndipo ilipobainika kwamba walichimba mahali pasipo. Mji wa wafanyabiashara ulikuwa nje ya kuta, upande wa magharibi, kando ya mto Thames, pale zilipo leo barabara ya Strand na soko la Covent Garden. Baadaye, katika enzi ya vita na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, watu walirudi ndani ya kuta, na mahali walipohama pakaitwa wic ya zamani. Jina hilo halijatoka mpaka leo: Aldwych.

Msomaji wa umri wangu ataelewa kwa nini nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Aldwych ndipo lilipo jengo la Bush House, ambamo Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa ikitangazia kwa miongo mingi. Nyumbani kwetu redio ilikuwa juu ya kabati, na jioni ilipofika saa ya taarifa ya habari hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kukohoa. Sauti zile za Kiswahili safi, tulizozinyamazia kwa adabu zote, zilikuwa zikitoka juu ya udongo wa soko la Mercia, juu ya vigae na mifupa ya Lundenwic, kabla wenyewe wenye mji hawajajua kwamba soko lao lilikuwa hapo.

Sasa ushuru. Wafalme wa Mercia hawakuwa wenyeji wa London, lakini kufikia miaka ya 730 walikuwa wameikamata, na hati za Mfalme Æthelbald, aliyemtangulia Offa, zinatuonyesha walifanya nini nayo. Hati hizo hazisemi ushuru ulikusanywaje. Zinasema nani amesamehewa, na kwa kusema hivyo zinatoboa siri ya kwamba wengine wote walilipa. Mwaka 734 askofu wa Rochester alisamehewa ushuru wa meli moja katika bandari ya London. Mildrith, abate wa monasteri ya wanawake ya Minster katika kisiwa cha Thanet, alipewa msamaha wa namna hiyohiyo. Askofu wa Worcester, ambaye alikaa mbali na bahari, alisamehewa meli mbili. Meli moja, meli mbili: si msamaha wa jumla, ni wa chombo kinachojulikana. Mtu aliyelelewa na karani wa forodha anaiona papo hapo picha ya gati, na mtu wa mfalme akiwa amesimama pale, anaijua meli ya masista wa Thanet kwa umbo lake, anaipungia mkono ipite, kisha anaigeukia ile ya nyuma.

Katika bandari za Wafaranki, Quentovic na Dorestad, kiwango kilikuwa sehemu moja ya kumi ya thamani ya mzigo. Neno letu ushuru linatokana na Kiarabu ushr, ambalo maana yake ni hiyohiyo, sehemu moja ya kumi, na sioni haja ya kutafuta nani alimwiga nani, kwa kuwa mkono una vidole vitano na mikono ni miwili. Ninachotaka kusisitiza ni kile ambacho mfanyabiashara alikipata kwa kutoa ile moja. Sheria za Ine zinasema kwamba mtu wa mbali au mgeni akipita msituni nje ya njia, asipige kelele wala asipulize pembe, ahesabiwe kuwa mwizi, auawe au akombolewe. Sheria za Wihtred wa Kent, za mwaka 695, zinasema karibu hayohayo. Hebu mtu ajiweke mahali pa Mfrisia ambaye amepotea njia na mzigo wake begani, jua limekuchwa, pembe yake imesahauliwa melini. Nje ya gati la mfalme hakuwa mgeni wala mteja, alikuwa mwizi ambaye bado hajauawa, na yule aliyemtoza moja ya kumi ndiye aliyemfanya awe mtu.

Ulinzi huo ulipokosekana, wafalme wenyewe waliuhisi. Mnamo mwaka 790 Offa na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, waligombana kwa sababu ya posa: Charlemagne alimtakia mwanawe binti wa Offa, naye Offa akajibu kwamba sawa, ila na yeye apewe Bertha, binti wa Charlemagne, kwa mwanawe Ecgfrith. Mfaranki alikasirika, akafunga bandari zake kwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Aliyehangaika kuwapatanisha ni Gervold, abate wa Saint-Wandrille, na abate huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa ushuru wa Quentovic. Hakuna haja ya kueleza kwa nini mkusanya ushuru alikosa usingizi kuliko makuhani na majemadari.

Walipopatana, mwaka 796, Charlemagne alimwandikia Offa barua ambayo imesalia, na naiona kuwa hati ya kibiashara iliyo hai kuliko zote za karne ile. Anasema mahujaji wanaokwenda Roma kwa ajili ya Mungu wapite salama bila kutozwa, lakini wamegunduliwa wafanyabiashara wanaojichanganya nao ili kukwepa, na hao walipe mahali panapostahili. Anasema wafanyabiashara wa Kiingereza watalindwa katika ufalme wake, na wakionewa wamlalamikie yeye au mahakimu wake, na watu wake wafanyiwe vivyo hivyo kwa Offa. Kisha mfalme huyo, ambaye miaka minne baadaye angevikwa taji la ukaisari, anageukia vipimo. Offa alikuwa ameagiza mawe meusi ya urefu fulani. Basi na atume mtu aeleze ni mawe ya namna gani. Na kwa kuwa Offa amesema anavyotaka mawe yawe, watu wa Charlemagne nao wana ombi lao juu ya majoho ya sufu yanayotoka Uingereza: yashonwe kwa ukubwa uleule wa zamani. Yaani majoho yalikuwa yamefupishwa. Mtawa mmoja wa St. Gallen, aliyeandika karibu miaka 100 baadaye, anasimulia kwamba Charlemagne alighadhibika alipogundua kuwa Wafrisia wanauza majoho mafupi kwa bei ya marefu, akalalamika kwamba kitandani hayamfuniki na juu ya farasi hayamkingi upepo wala mvua. Yeyote aliyewahi kununua doti ya kanga na kufika nyumbani akaipima, akaiona haifiki pale ilipokuwa ikifika zamani, amesimama pamoja na mfalme huyo.

Bidhaa zilikuwa zikisafiri hata kabla ya magati hayo, na safari moja inatuhusu sisi kwa damu. Katika makaburi ya wanawake wa Kiingereza wa karne ya 5 na ya 6 zimekuwa zikipatikana pete kubwa za pembe za ndovu, ambazo zilitumika kama mdomo wa mkoba uliofungwa kiunoni. Mkoba wa nguo au ngozi umeoza, pete imebaki nyongani mwa marehemu. Pete za kaburi la Scremby, katika jimbo la Lincolnshire, zilichunguzwa kwa njia za maabara, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba ni pembe za tembo wa Afrika, tena tembo waliolisha kwenye ardhi ya miamba michanga ya volkano, ambayo inaelekeza Afrika Mashariki, upande wa Bonde la Ufa. Njia ya pembe hizo ilikuwa kaskazini kwa Bahari ya Shamu, kupitia ufalme wa Aksum, ambao nao ulipiga sarafu zake za dhahabu, kisha Bahari ya Kati. Walioishika njiani walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kujua ilikotoka wala inakoishia. Ilimtosha kila mmoja kumjua aliyekuwa mbele yake na aliyekuwa nyuma yake.

Kumjua mtu, kwa kweli, ndiko kulikokuwa sheria ya soko. Hlothhere na Eadric, wafalme wa Kent, waliweka kati ya mwaka 679 na 685 ibara inayohusu watu wao wanaonunua vitu London. Mkent akinunua mali huko, awe na watu wawili au watatu waaminifu wa kushuhudia, au awe na liwali wa mfalme anayesimamia wic. Ikitokea baadaye mtu akaja akasema kitu hicho ni cha kwake, mnunuzi amlete aliyemuuzia mbele ya baraza la mfalme ili athibitishe. Sikumbuki niliposoma sheria ya kale iliyoniingia haraka hivyo. Aliyenunua baiskeli ya mkononi bila risiti wala shahidi, kisha akasimamishwa barabarani na mtu anayeitambua kwa tundu la kiti, anaielewa bila mwalimu.

Na katika miaka hiyohiyo, soko hilohilo, aliuzwa Imma.

Habari zake zimo katika historia ya Bede. Mwaka 679 majeshi ya Northumbria, ufalme wa kaskazini, na ya Mercia yalipigana karibu na mto Trent, na Imma, kijana mtu wa mfalme upande wa Northumbria, aliangushwa akalala mchana na usiku baina ya maiti. Alipozinduka alijifunga majeraha mwenyewe, akainuka kutafuta rafiki, akakamatwa na watu wa bwana mmoja wa Mercia. Alipoulizwa ni nani, aliogopa kusema kwamba ni askari. Akasema ni mkulima maskini, ana mke, na alikuja na wenziwe kuliletea jeshi chakula. Yaani alijificha ndani ya ile orodha ya Ine, nyuma ya mikate na mikunga, kwa sababu mchukua chakula hakustahili kuuawa.

Yule bwana aliamuru atibiwe. Alipoanza kupona akaamuru afungwe usiku ili asitoroke, na pingu hazikukaa. Kila wakifunga na kuondoka, zinafunguka. Bede anaeleza kwamba Imma alikuwa na kaka yake padri, Tunna, aliyedhani kuwa nduguye amekufa, akawa anamsomea misa, na pingu zilifunguka zaidi saa ambazo misa zilikuwa zikisomwa. Mimi nimeisoma sehemu hiyo kwa heshima inayostahili, na kisha nimesimama kwenye jambo dogo linalofuata. Waliomlinda walimtazama uso wake, nguo zake na namna anavyozungumza, wakatambua kwamba huyu si mkulima. Bwana akamwita faraghani, akamwahidi kwamba hatamdhuru akisema kweli. Imma akasema. Bwana akamjibu kwamba kwa haki alistahili kufa, maana ndugu zake wote na jamaa zake wameuawa katika vita hivyo, lakini hatamuua, asije akavunja ahadi yake.

Basi alipopona kabisa, akamuuza kwa Mfrisia London.

Mtu huyo alikuwa mwaminifu, na nalisema hili bila kejeli. Alitoa ahadi akaitimiza, katika siku za msiba mkubwa wa nyumba yake, na katika fikra zake hapakuwa na mgongano wowote kati ya kumwachia mtu uhai wake na kumpeleka sokoni. Sheria ya Ine ilimkataza mtu kumuuza mwenzake wa nchi moja ng'ambo ya bahari, mtumwa au huru, hata akiwa na hatia, na aliyefanya hivyo alipe dia kamili. Lakini Imma hakuwa wa nchi moja na Mercia. Papa Gregory, kwa kisa kinachosimuliwa na Bede huyohuyo, aliwaona vijana wa Kiingereza wakiuzwa Roma. Balthild, msichana wa Kianglo-Saksoni aliyenunuliwa kwa bei ndogo, aliolewa na Mfalme Clovis II wa Wafaranki, akapiga marufuku kuuzwa kwa Wakristo. Meli zilizoleta mawe ya kusagia hazikurudi tupu. Mimi ni mtu wa pwani ya Tanga na Pangani, nimelelewa baina ya majengo ambayo watu walifungiwa wakisubiri majahazi, na siwezi kuandika juu ya sufu na majoho nikanyamaza kwa hili.

Mfrisia naye alishindwa kumfunga. Alijaribu pingu za kila namna, zikafunguka, mpaka akaona hasara inamwelekea, akamruhusu Imma ajikomboe kama anaweza. Imma alikula kiapo kwamba atarudi au atatuma malipo, akaachiwa. Alikwenda Kent kwa Mfalme Hlothhere, mpwa wa Malkia Æthelthryth ambaye Imma aliwahi kumtumikia, akaomba, akapewa kiasi kilichotakiwa, akakituma London kama alivyoapa. Hlothhere huyo ndiye yule aliyeweka sheria ya mashahidi wawili au watatu, au liwali wa wic. Imma akarudi kwao, akamkuta Tunna hai, akamweleza yote, nao wakalinganisha saa za misa na saa za pingu.

Bede ameandika jina la Imma na jina la kaka yake, ameandika hata monasteri ambayo Tunna alikuwa abate wake. Jina la Mfrisia hakuliandika, wala bei aliyonunulia, wala bei aliyouzia, ingawa sheria ya Kent ilimtaka Mkent anayenunua London afanye hivyo mbele ya mashahidi. Hakuandika pia kama siku ile, pale gatini, Imma alikuwa peke yake katika mkono wa Mfrisia, au walikuwapo wengine ambao kweli walikuwa wakulima, waliokuja kweli na mikate, na hawakuwa na mfalme wa kumwendea Kent.